Zimwi Lililozoeleka

Iko namna ya picha za sinema iliyotoka Marekani, ambayo kisa chake ni kimoja: mtu aliyeficha uso huwavizia vijana na kuwaua kwa kisu mmoja mmoja, hata asalie msichana wa kupambana naye. Wengi huzishutumu picha hizi, na wengine huzipenda mno. Bali ni wachache waulizao kwa nini zilipanda upesi kisha zikashuka. Twataka kulipima jambo hilo, kwa maana lina mafundisho hata kwa mtu asiyepata kuziona.

Mwanzo wake haukukosa ufundi. Mwaka 1978, miaka 18 baada ya Alfred Hitchcock kutoa Psycho, John Carpenter alitoa Halloween. Fedha zake zilikuwa haba, dola 300,000 na kitu, na kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani kikapakwa rangi nyeupe. Hata hivyo picha ile ilileta zaidi ya dola 40,000,000 huko Marekani. Damu ionekanayo ni kidogo sana. Hofu yatoka katika kungoja: mtu amesimama mchana kweupe ng'ambo ya njia, ukitazama tena hayupo. Na Laurie, msichana aliyewekwa kutunza watoto wa jirani, twaijua kazi yake na haya yake. Ndiyo sababu twamwogopea. Hofu ya namna hii ni jamaa ya upendo.

Wafanyi biashara wakaona faida. Mwaka 1980 Sean Cunningham alitoa Friday the 13th, nayo ikaleta karibu dola 40,000,000. Hata humo muuaji ni mama alipizaye kisasi kwa ajili ya mwanawe aliyezama ziwani. Iko huzuni ndani yake. Lakini haikudumu. Picha ya nne, ya mwaka 1984, ilitangazwa kuwa sura ya mwisho. Mwaka uliofuata ikatoka ya tano, iliyoitwa mwanzo mpya! Ya nane, mwaka 1989, ilipata dola 14,000,000 hivi tu. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Je, ziliangushwa na malalamiko ya wazazi? Mwaka 1984 wazazi waliikataa Silent Night, Deadly Night, ambamo muuaji amevaa mavazi ya mzee wa Krismasi, hata ikaondolewa katika majumba ya sinema. Lakini nyingine ziliendelea miaka mingi baadaye. Basi sababu hiyo haitoshi.

Sisi twaona kwamba zilishuka kwa kuwa waliouawa walikoma kuwa watu. Vijana waliletwa pasipo wazazi, pasipo kazi, pasipo tumaini, kama kuku wa sikukuu. Wala hapakuwa na wa kuwalilia. Muuaji ndiye aliyejulikana jina, naye akashangiliwa. Freddy, aliyebuniwa na Wes Craven katika A Nightmare on Elm Street mwaka 1984, hapo kwanza alitisha kweli. Katika picha za baadaye akawa mcheshi, watu wakamcheka. Wazee husema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na pasipo matanga, hofu nayo hufa.

Ushahidi ni huu. Mwaka 1996 Craven huyo huyo alizifufua picha hizi kwa Scream, na msichana wake mkuu, Sidney, angali akimlilia mama yake aliyeuawa. Mwaka 2018 Halloween mpya ilimrudisha Laurie, sasa bibi mwenye mjukuu, aliyechukua jeraha la moyo miaka 40. Ikapata zaidi ya dola 250,000,000 duniani. Zikafuata mbili, mwaka 2021 na 2022, na kila moja ilipata pungufu ya iliyoitangulia. Wafu walikuwa wamerudi kuwa hesabu tu.

Kaini alipomwua nduguye, Mungu hakunyamaza. Alimwuliza habari za Habili. Swali hilo ndilo mizani ya kila hadithi ya mauaji, ya sinema na ya jikoni pia. Basi tuwahadithiapo watoto wetu habari za mazimwi, tusianze na meno ya zimwi. Tuanze na jina la mtoto aliyepotea, na mama aliyesimama mlangoni akimngojea.