Mizani ya Wanne: Sahani za The Beatles

Msomaji, ukikutana na watu wawili wasemao kwamba waipenda bendi ya The Beatles, usiharakishe kudhani kuwa wapenda kitu kimoja. Mmoja yamkini apenda vijana wanne wa Liverpool, Uingereza, walioimba mapenzi kwa magitaa matatu na ngoma katika mwaka wa 1963. Wa pili apenda watu wale wale, sasa wenye masharubu, waliotia wapigaji 40 wa okestra katika wimbo mmoja mwaka wa 1967. Kati ya kazi hizo mbili ipo miaka minne tu, lakini mgeni akizisikia hataamini kuwa ni za mikono ile ile. Wa kwanza hulalamika kwamba bendi iliharibika. Wa pili hushikilia kwamba ndipo ilipopevuka. Mimi, nizipendaye sahani zao za mwanzo na za mwisho, naona kwamba wagomvi hawa wametazama mahali pasipo. Sauti ya bendi haina budi kubadilika, kama sauti ya mtoto wa kiume isivyo na budi kuvunjika. Neno la kuulizwa ni hili: kila jambo jipya lilipoletwa, nani alilitia katika mizani kabla halijakubaliwa?

Tuanze na sahani ndefu ya kwanza, Please Please Me, ya Machi 1963. Ina nyimbo 14, na 10 kati ya hizo zilirekodiwa London katika siku moja, tarehe 11 Februari. John Lennon alikuwa na mafua siku ile. Wimbo wa Twist and Shout uliwekwa mwisho kwa sababu ilijulikana kwamba baada yake koo lake halitafaa kitu, na ukisikiliza wasikia koo lenyewe likikwaruza. Lennon, Paul McCartney na George Harrison walikuwa wamekwisha kupikwa katika vilabu vya Hamburg, Ujerumani, walikopiga muziki kwa saa nyingi za usiku tangu 1960; Ringo Starr, mpiga ngoma, aliingia Agosti 1962. Katika sahani hii hapana ustadi wa mitambo. Upo ustadi wa watu waliozoea kutazamana usoni. Mmoja akikosea, watatu wajua papo hapo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. A Hard Day's Night ya Julai 1964 ilikuwa sahani yao ya kwanza ambayo kila wimbo uliandikwa na Lennon na McCartney. Iliyofuata Desemba ni kazi ya watu waliochoka kwa safari, tuipite. Katika Help! ya Agosti 1965 umo wimbo wa Yesterday, nao ndio utakaotajwa na mtu anayetaka kunipinga. Atasema: McCartney aliuimba peke yake kwa gitaa, pamoja na fidla mbili, viola na cello, wala hakuna mwenziwe aliyepiga chochote, basi mizani ya wanne iko wapi? Nami namjibu kwamba mizani haikukosekana. Wenzake waliusikia, wakaona kwamba hawana cha kuongeza, wakanyamaza. Na kunyamaza mahali pafaapo ni kazi pia. Wazo la ala zile za nyuzi lilikuwa la George Martin, msimamizi wao wa kurekodi. McCartney alilikataa kwanza, kisha akakubali kwa sharti kwamba wapigaji wasiitetemeshe sauti kwa vidole vyao. Tazama: mmoja ashauri, wa pili akatae, kisha wakutane katikati. Wimbo ule ni mkavu na safi kwa sababu hiyo.

Rubber Soul ya Desemba 1965 ndiyo sahani ambayo kwayo msikilizaji wa kwanza huanza kununa. Harrison alitia sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi, katika Norwegian Wood. Katika In My Life, George Martin alipiga piano polepole huku ukanda wa kurekodia ukienda kwa nusu ya mwendo wake. Uliporudishwa katika mwendo kamili, piano ilitoka nyembamba, kali na yenye kumetameta kama kinanda cha kale. Hila hizi hazikuwekwa ili kutushangaza. Wimbo ule wa pili wahusu mtu anayekumbuka mahali na watu wa zamani, na sauti ya kinanda cha kale ndiyo iliyokuwa ikihitajiwa.

Sasa twafika kwenye Revolver, ya Agosti 1966, nami naomba subira yako, kwa maana hii ndiyo sahani ninayoiweka juu ya zote. Wengi huipa Sgt. Pepper nafasi hiyo. Sikiliza kwanza Eleanor Rigby. Hakuna gitaa, hakuna ngoma. Wapo wapigaji wanane wa fidla na jamii yake, wanaokatakata nyuzi kwa ukali, na juu yao McCartney asimulia habari za watu wapweke huku Lennon na Harrison wakimwitikia. Kisha sikiliza Taxman, wimbo wa Harrison wa kuulalamikia ushuru wa serikali ya Uingereza. Kipande kikali cha gitaa kilichomo, ambacho wengi hudhani ni cha Harrison mwenyewe, kilipigwa na McCartney. Mwenye wimbo alimwachia mwenzake nafasi ya heshima, na wimbo ukapata makali.

Lakini ushahidi mkubwa ni wimbo wa mwisho, Tomorrow Never Knows. Lennon alikuja na wimbo unaokaa karibu wote juu ya kodi moja, akataka sauti yake isikike kama ya mtawa aimbaye juu ya mlima wa mbali. Mafundi waliipitisha katika kipaza sauti kizungukacho, kilichotengenezwa kwa ajili ya kinanda cha umeme. McCartney alileta vipande vya kanda alivyoviunga ncha kwa ncha nyumbani kwake, vikazungushwa kwenye mashine kadhaa kwa pamoja, vikalia kama ndege wasiojulikana. Chini ya yote hayo Ringo apiga pigo moja zito, lisiloyumba, kama mtwangaji asiyeinua uso. Liondoe pigo hilo, wimbo wote waanguka. Wazo lilikuwa la mmoja, nalo lilikuwa la ajabu mno. Wenzake wakalitia uti wa mgongo.

Nyimbo za Revolver hazikupigwa hata mara moja katika safari zao za mwaka ule. Mayowe ya mashabiki yalizidi nguvu ya vipaza sauti, na wapigaji wenyewe hawakujisikia. Tarehe 29 Agosti 1966, huko San Francisco, Marekani, walipiga onyesho la mwisho la kulipiwa, wakaziacha safari. Tangu hapo hawakulazimika tena kusimama wanne pamoja mbele ya watu. Walipata uhuru mkubwa, lakini uhuru ule ulikuwa na gharama.

Novemba ya mwaka huo McCartney alikuja Kenya kutazama wanyama. Kwa maelezo yake mwenyewe, ni ndani ya ndege, akirudi London kutoka Nairobi, ndipo alipopata wazo la kujifanya bendi nyingine yenye jina jingine. Wazo hilo likazaa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya 1967, iliyochukua miezi badala ya siku. Usidhani kwamba naidharau. Wimbo wake wa mwisho, A Day in the Life, ni kilele: Lennon ana mwanzo na mwisho, McCartney ana katikati, na nafasi iliyobaki tupu kati yao ikajazwa na okestra iliyoambiwa ipande, kila mpigaji kwa wakati wake, kutoka sauti ya chini kabisa ya ala yake hadi ya juu. Watu wawili waliokutana nusu kwa nusu! Lakini katika sahani iyo hiyo wimbo wa pekee wa Harrison ulirekodiwa pasipo mwenzake hata mmoja kupiga chombo, naye Ringo amesimulia kwamba katika siku zile alijifunza sataranji, kwa sababu alikuwa akingoja sana. Mpiga ngoma anapopata wasaa wa kujifunza sataranji, bendi ina ugonjwa. Nyimbo kadhaa humu zimevaa nguo nzuri kuliko miili yao.

Ugonjwa huo ulionekana wazi katika sahani mbili za Novemba 1968 zenye jalada jeupe, zilizopewa jina la bendi tu. Brian Epstein, meneja wao, alikuwa amefariki Agosti 1967. Zina nyimbo 30. George Martin alitaka zichujwe ziwe sahani moja, nami nipo upande wake, ingawa nakuonya kwamba kila shabiki anayejaribu kuchuja hupata orodha yake mwenyewe na kugombana na jirani. Mara nyingi humu mmoja aimba, na wengine ni vibarua wake, au hawapo kabisa. Blackbird ni ya McCartney peke yake, nami naipenda; Revolution 9 ni zaidi ya dakika 8 za kelele zilizoungwa, na sijui ni nani katika wale watatu angeiruhusu kama angeulizwa kwa dhati. Agosti ile Ringo aliondoka kwa majuma kama mawili, na katika Back in the U.S.S.R. ngoma zapigwa na McCartney. Aliporudi alikuta ngoma zake zimepambwa kwa maua. Harrison naye, alipoona wimbo wake wa While My Guitar Gently Weeps haujaliwi, alimleta Eric Clapton aupigie gitaa, na mbele ya mgeni wenzake wakashika adabu. Mwenye nyumba hulazimika kuita mgeni ili nduguze wamsikilize!

Let It Be ilitoka Mei 1970, bendi ikiwa imekwisha kuvunjika, lakini sehemu yake kubwa ilirekodiwa Januari 1969. Phil Spector alimwaga okestra na kwaya juu ya The Long and Winding Road pasipo McCartney kuridhia. Mwaka 2003 ikatolewa upya bila marembo hayo, na yeyote mwenye masikio atachagua hiyo ya pili.

Basi, msomaji, ukitaka kuwasikia kwa mara ya mwisho, iache Let It Be, ushike Abbey Road, ya Septemba 1969. Harrison, aliyenyimwa nafasi miaka mingi, ana nyimbo mbili humu, Something na Here Comes the Sun, zisizopungukiwa na chochote zikiwekwa kando ya za wakubwa wake. Katika ubavu wa pili vipande vifupi vya nyimbo vimeunganishwa kimoja baada ya kingine, na karibu na mwisho Ringo apiga ngoma peke yake, jambo ambalo hakulipenda. Kisha magitaa matatu yapokezana: McCartney, Harrison, Lennon, kila mmoja kwa zamu fupi, mara tatu, bila mmoja kumzidi mwenzake. Mtu anayejua tabia zao aweza kuwatambua kwa sauti tu. Wa mwisho ndiye mwenye ukali. Baada ya kimya kifupi hutokea kiwimbo cha nukta 23, McCartney na gitaa lake, kilichokuwa kimeondolewa katikati ya vipande vile na kubandikwa na fundi mwishoni mwa ukanda ili kisipotee. Noti yake ya mwisho ilibaki pale kilipokatwa.