Uhakiki wa Dai kwamba Mfungamano wa Jeni Unavunja Kanuni za Mendel: Mfano wa Selimundu

Sehemu hii inahakiki dai kwamba mfungamano wa jeni unavunja kanuni za urithi za Mendel. Dai hilo linachanganya kanuni mbili. Kanuni ya utengano inasema kwamba aleli mbili za jeni moja hutengana, na kila gameti hubeba moja tu. Kanuni ya mpangilio huru inahusu jeni mbili au zaidi. Mfungamano hauigusi ya kwanza. Unaiwekea mipaka ya pili, kwa kuwa jeni zilizo karibu katika kromosomu moja hurithiwa pamoja, isipokuwa pale kromosomu pacha zinapobadilishana vipande. Mendel alichapisha kazi yake mwaka 1866, kabla dhima ya kromosomu katika urithi haijajulikana.

Uzito wa suala hili unaonekana katika ugonjwa wa selimundu, ambao inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka. Chukulia wazazi wa Kiwalani, jijini Dar es Salaam, ambao kila mmoja ana aleli moja ya selimundu. Kwa kanuni ya utengano, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa, bila kujali waliomtangulia. Lakini wakizaliwa wagonjwa wawili, mmoja akawa wa kulazwa kila mara na mwingine akasoma bila shida, kanuni hiyo pekee haielezi tofauti yao. Pengo hilo hujazwa na lawama: ukoo wa mama, au mkono wa mtu.

Hapa mfungamano una msaada. Jeni ya globini beta iko katika kromosomu 11, jirani na jeni za globini gama zinazotengeneza himoglobini ya kichanga. Ndugu hao wamepokea aleli ileile ya selimundu kutoka kwa baba, na ileile kutoka kwa mama. Karibu kila mara wamepokea pia ujirani wake uleule. Kwa hiyo chanzo cha tofauti kitafutwe kwingine: jeni za globini alfa katika kromosomu 16, au BCL11A katika kromosomu 2, ambayo utafiti wa wagonjwa wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2011 uliihusisha na kiwango cha himoglobini hiyo. Jeni hizo hurithiwa bila kufuata selimundu, hivyo ndugu huweza kupishana. Malaria, maambukizi mengine na huduma ya tiba navyo vina nafasi.

Hivyo, mfungamano haubatilishi kanuni za Mendel, bali unaonesha mahali kanuni ya pili inapoanzia na inapokomea. Maelezo yanayouita uvunjaji yanamnyima mzazi jibu ambalo kanuni zote mbili, zikisomwa pamoja, zingempa.