Neno "Yeyote": Thor Nambari 337 na Msomaji Aliyeondoka

Msomaji wa hadithi za mfululizo huondoka bila kuaga. Hukosa toleo moja, kisha la pili, na hatimaye jina la shujaa humbakia kama kumbukumbu ya ujana. Uhakiki umezoea kuuliza jinsi mtunzi anavyompata msomaji mpya. Jinsi ya kumrudisha aliyeacha ni swali gumu zaidi, kwani huyo hakuacha kwa kutojua, bali kwa kujua kupita kiasi: ajua kwamba shujaa atashinda, na kwamba kila kitu kitarudishwa mahali pake. Twataka hapa kuchunguza toleo moja la katuni za Kimarekani lililomjibu msomaji wa namna hiyo, yaani Thor nambari 337 la Novemba 1983, lililoandikwa na kuchorwa na Walter Simonson.

Thor, mungu wa radi katika visasili vya Skandinavia ya kale, aliingia katika katuni za kampuni ya Marvel mwaka 1962 kwa kazi ya Stan Lee, Larry Lieber na Jack Kirby. Donald Blake, tabibu kiwete, hugonga fimbo yake chini; fimbo hugeuka nyundo, naye hugeuka Thor. Miaka 21 baadaye mbinu hiyo ilikuwa imechakaa. Simonson, aliyekwisha kuuchora mfululizo huohuo mwishoni mwa miaka ya 1970, alipewa na mhariri Mark Gruenwald uhuru wa kufanya atakavyo.

Alifanya nini basi? Hakuifuta historia. Kampuni nyingi, zikitaka kuwarudisha wasomaji, huanza kuhesabu upya kutoka nambari 1: Marvel ilifanya hivyo kwa mifululizo kadhaa mwaka 1996, na DC kwa mifululizo 52 mwaka 2011. Njia hiyo yadhani kwamba msomaji wa zamani ataka kusahau. Simonson alitegemea kinyume chake, yaani kwamba bado anakumbuka.

Anachokumbuka ni maandishi ya nyundo. Tangu hadithi ya kwanza yamekuwapo, yakisema kwamba yeyote aishikaye nyundo hiyo, ikiwa anastahili, atapata nguvu za Thor. Kisarufi, hiyo ni sentensi ya sharti iliyo wazi kwa kila atimizaye sharti. Lakini kwa mazoea ilisomwa kama maelezo ya mtu mmoja. "Yeyote" likawa jina jingine la Thor. Katika toleo hili Thor apambana na Beta Ray Bill, kiumbe wa nyota za mbali mwenye uso kama wa farasi, ndani ya chombo chake cha angani. Thor atengana na nyundo kwa zaidi ya sekunde 60, arudia umbo la Blake, na fimbo yaangukia mikononi mwa mgeni. Bill aigonga ukutani. Nguvu zampata yeye.

Hapo ndipo penye ustadi wote. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Kilichovunjika ni usomaji wetu. Aliyeijua sentensi ile kwa moyo ndiye anayeshtuka kuliko mgeni, na maarifa yaliyomchosha ndiyo yanayomfungulia mlango. Jalada latangaza jambo hilohilo: Bill, katika vazi linalofanana na la Thor, avunjavunja kwa nyundo herufi za jina la mfululizo.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili kuna jambo la kuongeza. Kiingereza cha maandishi yale chatumia kiwakilishi cha kiume; ndiyo sababu mwaka 2014, Jason Aaron na mchoraji Russell Dauterman walipompa mwanamke nyundo hiyo, kiwakilishi kilibidi kibadilishwe. Kiambishi chetu a- kisingehitaji kuguswa. Chabeba mwanamume, mwanamke, hata mnyama, na kwa hiyo Bill, kwa sarufi yetu, asingekuwa mgeni hata kidogo. Atakayelifasiri toleo hili atapata urahisi huo, lakini atapoteza sehemu ya mshtuko.

Sifa hizi hazifichi kasoro. Mapigano ndani ya chombo yachukua kurasa nyingi kuliko yanavyohitaji, na miungu huzungumza lugha ya kale ya kuiga ambayo huchosha. Kinyume chake, ukurasa wa kwanza hautumii mengi: mhunzi asiyeonekana afua chuma cha nyota, na mlio wa pigo waandikwa kwa herufi kubwa za John Workman, kana kwamba ni sehemu ya mchoro. (Msomaji wa Katanga, nchi ya shaba, hahitaji kuambiwa kwamba mhunzi husikika kabla ya kuonekana.) Jina la mhunzi halitajwi.

Mwishoni Odin amwita mwanawe nyumbani, nguvu zake zamchukua Bill badala yake, na Blake abaki duniani akimwita baba yake. Aliyetaka kujua zaidi alilazimika kununua nambari 338. Wengi walinunua, na Simonson aliendelea kuuandika mfululizo hadi nambari 382, mwaka 1987, ingawa kalamu ya mchoro alikuwa amekwisha kumwachia Sal Buscema.