Prosesa ya bei nafuu kwa banda la gemu Kumsenga

Mwenye banda la gemu ambaye PlayStation 2 yake imechoka lenzi ana tatizo ambalo fundi hawezi kulimaliza. Sony ilisitisha utengenezaji wa mashine hiyo mwanzoni mwa 2013, na lenzi nzima zinazidi kuadimika. Njia iliyobaki ni kompyuta ya mezani ya mtumba yenye PCSX2, emuleta inayoendesha gemu za PS2. Diski zako utaendelea kuzitumia, na BIOS, yaani programu ya msingi ya PS2, utaitoa kwenye mashine yako mwenyewe. Kazi ngumu ni kuchagua prosesa. Kutoka Kumsenga hadi maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000, na mzigo uliokosewa haurudishwi kirahisi.

Prosesa ya PS2, Emotion Engine, inakwenda kwa megahezi 295 hivi. Anayeona kompyuta ya gigahezi 2.5 hudhani imeizidi mara nane, kwa hiyo kazi imekwisha. Sivyo. Maagizo ya PS2 ni ya aina ya MIPS, ambayo prosesa za Intel na AMD haziyajui. PCSX2 huyageuza papo hapo mchezo ukiendelea, na agizo moja huweza kuzaa kadhaa. Zaidi ya hapo, ndani ya PS2 mna vitengo viwili vya vekta, kitengo cha picha, cha sauti na prosesa ndogo ya kusoma diski na pedi. Vyote hukimbia sambamba, na emuleta lazima ivioanishe bila kukosea. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde inaipa kompyuta milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Ikichelewa, wachezaji wanakuwa wazito na sauti inakatikakatika.

Uoanishaji huo haugawiki kwa viini vingi. PCSX2 hutumia kwa nguvu nyuzi za kazi mbili au tatu tu: ya prosesa kuu, ya picha, na ya kitengo kimoja cha vekta. Mashine ya kusaga ikiwa moja, ukiongeza watu wa kumimina muhogo unga hautoki haraka zaidi. Ndiyo maana Xeon E5-2670 ya 2012, yenye viini 8 vya gigahezi 2.6, huzidiwa hapa na Core i3-8100 ya 2017 yenye viini 4 vya gigahezi 3.6. Hiyo i3 inaishinda hata Core i7-2600 ya 2011 kwa kasi ya kiini kimoja. Kinachotafutwa ni viini vinne vyenye kasi, vya kizazi kipya kadiri mfuko unavyoruhusu.

Kwa kompyuta zilizotoka maofisini, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, Core i5-6500 ya 2015 ndiyo mahali pa kuanzia: viini 4, gigahezi 3.2 hadi 3.6, na picha za ndani, yaani zinazotengenezwa na prosesa yenyewe, zinazotosha gemu nyingi kwa ukubwa wake wa asili. Ukipata i3-8100 kwa bei inayokaribiana, chukua hiyo. Anayenunua mpya atazame Core i3-12100. Weka ramu mbili zinazolingana badala ya moja kubwa, kwa sababu picha za ndani huazima ramu hiyohiyo.

Mitego iko kwenye herufi ya mwisho. Core i5-6500T imepunguzwa kasi ili itumie wati 35, nayo haivuki gigahezi 3.1. Core i7-6500U ya laptopu ina viini 2 tu, ingawa kwa jina iko juu ya i5. Core i3-12100F haina picha za ndani. Bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi.

Ukitaka gemu nje ya PS2, za PSP kwa emuleta ya PPSSPP ni nyepesi. Hata simu nyingi huziweza. PS3 ni habari nyingine. Prosesa yake ya Cell huzipa gemu vitengo sita vya ziada, kwa hiyo emuleta yake, RPCS3, hufaidika na viini vingi, na i5-6500 itazidiwa. Anayelenga huko aweke akiba afikie Ryzen 5 5600G, yenye viini 6 na nyuzi 12.

Umeme nao uingie kwenye hesabu. Kompyuta na skrini zikila wati 100 kwa saa 8, ni uniti 0.8 ya Luku kwa siku. Banda la sola litavutiwa na laptopu, ila laptopu nyembamba ikipata joto hupunguza kasi, na hilo litaonekana katikati ya mechi.

Kabla ya kutuma pesa, mwambie muuzaji apige picha ya skrini inayoonyesha jina zima la prosesa, nambari na herufi yake. Akikujibu "ni i7, bosi, inatosha", tafuta muuzaji mwingine.