Mwanzo Kokochi: Kumhakiki Mwanagenzi wa Vibonzo vya Kuchekesha

Mwanagenzi aletapo filamu yake ya kwanza ya vibonzo, hukutana na mahakimu wa namna mbili. Mmoja humvika sifa tupu, mwengine humtupia dharau. Wote humwacha mikono mitupu, kwani hapana aliyemwonesha mahali kicheko kilipopotelea. Mhakiki wa kweli hufuata mwendo wa malenga aliyekabidhiwa shairi la mwanafunzi: hatamki neno kabla ya kuhesabu mizani.

Vibonzo navyo vina mizani. Sekunde moja ya filamu hubeba picha 24. Mara nyingi mchoraji huchora 12, na kila moja ikapigwa mara mbili. Kwa hesabu hiyo, dakika moja ni michoro 720. Ajuaye idadi hii hawezi kuikejeli kazi ya mwanagenzi, ingawa jasho si sababu ya kumdanganya.

Bwana mwenye maringo akikanyaga ganda la ndizi, sharti mtazamaji ayaone kwanza maringo, pawe na kituo, ndipo aanguke. Kituo kikiwa kifupi, jicho haliwahi kuelewa. Kikirefuka, mtazamaji ameshaubashiri mwisho na kicheko kimekufa. Kwa hiyo "hakichekeshi" ni hukumu isiyo na mafunzo. Uhakiki ni kusema: "Hapa umetulia nusu sekunde, jaribu sekunde nzima, kisha utazame tena." Na neno hilo lisemwe mapema, kazi ingali rasimu. Kosa la rasimu hufutwa kwa karatasi chache. Likishatiwa rangi, hugharimu siku nyingi.

Liko swali zito zaidi: nani anachekwa? Moustapha Alassane wa Niger, mmoja wa waasisi wa filamu za vibonzo barani Afrika, alitoa *Bon voyage, Sim* mwaka 1966. Ni filamu fupi, isiyo na rangi, ya rais wa jamhuri ya vyura aliyekwenda ziara nchi jirani, akarudi na kupinduliwa. Michoro yake ni sahili mno. Atakayeipima kwa urembo wa mistari atashika ganda na kuacha kiini, kwani nguvu yake imo katika kicheko kinachomwelekea mwenye kiti.

Mwanagenzi achekeshaye kwa mguu wa kiwete au lafudhi ya mtu wa shamba hahitaji kufokewa. Aulizwe kwa staha: mhusika huyu anataka nini, na nini kinamzuia? Akikosa jibu, atagundua mwenyewe kwamba amechora kilema, hajachora mtu. Hapo ndipo kazi yake ya pili inapoanzia.

Hapana mkulima apigaye kokochi mawe kwa kuwa bado nazi. Wala hapana mchuuzi mwaminifu auzaye kokochi kwa jina la nazi.