Uhalisia wa Televisheni na Karakana ya Familia: Bamburi Ikiwa Kipimo

Uhalisia ni istilahi iliyozoeleka katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Hutumika kuitaja kazi ya sanaa inayoyachora maisha ya jamii kwa namna ambayo msomaji huyatambua, bila kuyapamba. Katika miaka ya karibuni istilahi hiyo imehamia katika televisheni, ambako 'kipindi cha uhalisia' ni kile kinachowaonyesha watu wasio waigizaji wakiishi au wakifanya kazi mbele ya kamera. Uhamisho huo una utata. Neno halisi, lenye asili ya Kiarabu, hutaja kitu kisichochanganywa: dhahabu halisi, maziwa halisi. Kipindi cha televisheni, kinyume chake, ni mchanganyiko. Saa nyingi za picha hukatwa zikabaki dakika chache, na huyo anayekata ndiye mtunzi, hata kama jina hilo halitaki. Kwa hiyo mhakiki hana budi kuuliza swali lile lile aliulizalo juu ya riwaya: ni mtazamo wa nani unaotawala?

Makala haya yanalichunguza swali hilo katika vipindi vinavyohusu kazi na biashara ndogo, na yanaitumia Bamburi kuwa kipimo. Bamburi, bara ya kaskazini ya Mombasa, inajulikana kwa kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954 na kwa hoteli za ufukweni. Lakini kandokando ya barabara iendayo Malindi iko kazi nyingine: vibanda na maduka ambamo simu hufunguliwa, kompyuta hutengenezwa, nyaraka huchapishwa, na fedha hutumwa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini Kenya mwaka 2007. Aghalabu biashara hizo ni za familia: baba yu na bisibisi, mama yu na daftari la fedha, kijana yu kwenye kompyuta. Kamera ikiingia mle, itapaswa kufanya nini ili istahili jina la uhalisia?

Mgeni Ajuaye

Mtindo wa kuwapiga picha watu wa kawaida kwa nia ya kuwafunza si mgeni Afrika Mashariki. Baina ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu fupi kwa kuwatumia wenyeji. Maelezo ya filamu hizo yalirekodiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Moja ilihusu benki ya akiba ya posta. Nyingine zilihusu afya na kilimo. Sura zilikuwa za wenyeji, lakini ujuzi ulikuwa wa mgeni. Mwenyeji alionekana, hakusikika akijua.

Ni dhahiri kwamba hali imebadilika sana tangu hapo. Shamba Shape Up, kilichoanza mwaka 2012 katika Citizen TV ya Kenya na kutolewa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, huitembelea familia ya mkulima mdogo, kikakaa nayo siku chache, kikarekebisha zizi, udongo na hesabu. Sifa yake kubwa ni kwamba kazi yenyewe huonekana: mtazamaji huuona ugonjwa wa jani na huiona dawa yake. Zaidi ya hayo, familia haitengwi na uchumi wake. Hata hivyo, msuko wa kipindi umebaki na alama ya Vugiri. Tatizo ni la mwenyeji, na suluhisho hufika kwa gari. Katika kilimo jambo hilo lina sababu, kwa kuwa mbegu mpya na chanjo hutoka katika vituo vya utafiti. Katika karakana ya simu msuko huo ungekuwa uongo, maana mjuzi ndiye mwenye nyumba.

Hapa lugha yenyewe ni shahidi. Fundi, ufundi, funda, fundisha na mafunzo ni maneno ya ukoo mmoja. Kwa mantiki ya Kiswahili, fundi ni mtu aliyefundika, naye hutazamiwa awafunde wengine. Kipindi kinachomfanya fundi kuwa mwanafunzi wa mtangazaji kinaligeuza neno hilo kichwa chini.

Mwombaji Mbele ya Jopo

Mtindo wa pili ni wa mashindano. KCB Lions' Den, kilichoanza kuonyeshwa Kenya mwaka 2016, ni cha ukoo wa vipindi uliotokea Japani mwaka 2001 na kupitia Uingereza. Mfanyabiashara husimama mbele ya jopo la wenye mitaji, akaeleza biashara yake kwa dakika chache, kisha akakubaliwa au akakataliwa. Haifai kukana manufaa ya mtindo huu. Wako waliopata mitaji, na mtazamaji hujifunza kwamba mauzo si faida. Lakini fani yake huondoa kile kilicho kiini cha biashara ya familia. Karakana haionekani, huonekana maelezo yake. Mama mwenye daftari hugeuka kuwa tarakimu. Isitoshe, lugha inayotawala mbele ya jopo ni Kiingereza, kiasi kwamba fundi hodari wa Bamburi angeanza kupimwa kwa ulimi wake kabla ya mkono wake.

Kwamba fani ina matokeo katika maisha si nadharia tupu. Mwaka 2011 kipindi cha Ruka Juu kilionyeshwa Tanzania, vijana wafanyabiashara wakishindana. Utafiti wa majaribio uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha zaidi ya wanafunzi 2,000 wa sekondari, ulionyesha kwamba waliohimizwa kukitazama walivutiwa zaidi na biashara, hasa wasichana. Lakini matokeo yao ya shule yalishuka, wachache zaidi wakaendelea na masomo, wala hapakupatikana ushahidi wa kutosha kwamba walimiliki biashara nyingi zaidi. Watunzi hawakukusudia hivyo. Hata hivyo inafaa kuuliza kama fani ya mashindano, inayompata mshindi katika majuma machache, haimfichi mtazamaji ile miaka ya kujifunza ambayo ndiyo mtaji wa kwanza wa fundi.

Ugomvi na Sitara

Mtindo wa tatu huijenga hadithi juu ya ugomvi wa ndani. Mfano mashuhuri ni American Chopper, kilichoanza kuonyeshwa mfululizo Marekani mwaka 2003, juu ya karakana ya pikipiki ya baba na mwanawe. Pikipiki zilikuwapo, lakini mhimili ulikuwa kelele za wawili hao, hadi mwana akaondoka na kuanzisha karakana yake. Dhana iliyo nyuma yake ni kwamba mtu huwa mkweli zaidi anapokasirika. Hekima ya Kiswahili haikubali. 'Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune.' Methali hiyo haikani ugomvi. Inakana kwamba ugomvi ndio neno la mwisho. Kamera ya mtindo huu huja na kikapu wakati wa ugomvi, ikavuna na kuondoka.

Katika duka la Bamburi suala hilo ni zito zaidi, kwa kuwa zipo siri za watu wengine. Simu iliyofunguliwa ina picha na barua za mwenyewe; anayesaidiwa kujaza fomu za serikali katika kompyuta huacha namba za kitambulisho chake. Biashara nzima imesimama juu ya sitara. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeligusa jambo hilo, lakini maadili ya pwani yalilijua zamani. Mtu aweza kujibu kwamba mficha uchi hazai. Ni kweli, lakini methali hiyo humtaka mzazi ajifunue kwa mkunga, si kwa mkutano wa hadhara. Fundi ni mkunga wa aina hiyo. Kipindi kinachomfanya atoe siri za wateja kitakuwa kimeharibu kitu kile kile kilichokuja kukionyesha.

Hitimisho

Huenda ikadhaniwa kwamba pasipo mgeni, jopo na ugomvi hapabaki kitu cha kutazamwa. Dhana hiyo hupuuza msuko uliomo katika kazi yenyewe. Mteja huja na malalamiko: simu 'inakula chaji'. Fundi huuliza kama mganga: ilianguka? iliingia maji? Hufungua, hupima kwa mita, hukosea, hurudia, hulehemu. Kisha huja mapatano ya bei, na mteja akiwa jamaa humwita fundi ami na kutaka bei ya nyumbani, ilhali mama akikumbusha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Pana taharuki, mgogoro na suluhisho, na mgogoro ni wa kweli: baina ya undugu na hesabu. Tena pana lugha. Lehemu na bisibisi ni maneno yaliyokuwa katika karakana kabla ya simu kuzaliwa, nayo yangali yakifanya kazi, jambo ambalo wanaistilahi wangefaidika kulisikia likitamkwa na wenyewe.

Kipindi kitakachostahili jina la uhalisia, basi, ni kile kitakachomwachia fundi ujuzi wake na lugha yake, kitakachoonyesha muda wa kujifunza pamoja na matunda yake, na kitakachojua mahali pa kuizima kamera.