hwlat ya Linux: inaona jeraha, haisemi nani alipiga

Mwaka ule nilipotetea TFC yangu, mota yangu ilikuwa inaruka hatua. Programu ilipaswa kutuma pigo moja kila mikrosekunde 100, na mara kwa mara mapigo matatu hivi yalipotea. Juri ikasema: kodi yako ni mbaya, rudi uandike tena. Nikaandika tena mara mbili, bule. Kosa halikuwa mu kodi yangu, lakini sikuwa na namna ya kulionyesha. Njo sababu leo nasema juu ya hwlat, chombo chenye kimo ndani ya Linux tangu toleo 4.9 la mwaka 2016, na chenye wengi wetu tunapita pembeni yake.

Kwanza tujue mwizi ni nani. Tangu prosesa 386SL ya Intel, mwaka 1990, mashini zetu ziko na katizo moja la pekee, SMI. Likifika, prosesa inaacha kila kitu, inaingia mu hali yenye inaitwa SMM, inaendesha kodi ya BIOS iliyofichwa mu kipande cha memori chenye Linux haiwezi kusoma, kisha inarudi kama vile hakuna kitu kilipita. Unaweza kufunga makatizo yote ya kawaida, hili linapita tu. Na kwa kawaida koo moja haiingii peke yake: zote zinaitwa na zinangojana mule ndani. BIOS inatumia SMI kwa kuangalia joto, kwa kuripoti makosa ya memori, hata kwa kufanya klavye ya USB ionekane kama klavye ya zamani.

Bahati yetu ni moja: wakati mfumo umelala, saa ya ndani ya prosesa, TSC, inaendelea kuhesabu. hwlat inajenga kila kitu juu ya hiyo. Inafunga makatizo kwenye koo moja, inasoma saa, inasoma tena, inasoma tena, haifanyi kazi ingine. Kama kati ya kusoma mara mbili kumepita zaidi ya mikrosekunde 10, inaandika. Wazo ni rahisi mpaka unajiuliza juu ya nini haukulipata wewe mwenyewe. Ninaipenda sana kwa hilo: haiombi BIOS iseme ukweli, inaukamata kwa saa.

Sasa malalamiko yangu. Ukiiacha na vipimo vyake vya kawaida, mu kila sekunde moja inaangalia nusu sekunde tu. Mwizi akipita mu nusu ingine, hakuna aliyemuona. Unaweza kupandisha muda wa kuangalia, lakini muda wote ule makatizo ya ile koo yamefungwa, kwa hiyo chombo chenyewe kinaleta ucheleweshaji kwa kazi zingine. Maelezo yake yanakataza wazi kuitumia kwenye mashini yenye iko kazini. Wanafunzi wanaiwasha pamoja na programu yao, halafu wanashangaa programu imezidi kukwama!

Lalamiko kubwa zaidi ni hili: haisemi jina. Inasema "hapa palikuwa na pengo la mikrosekunde fulani", basi. Ukiwa mu mashini ya kufikirika (virtuali), pengo linaweza kutoka kwa mashini mwenyeji na SMI haimo kabisa. Kwa Intel, tangu kizazi cha Nehalem, kuko rejista 0x34 yenye inahesabu SMI tangu mashini kuwaka. Turbostat inakuonyesha ile hesabu. Soma mbele, soma nyuma. Hesabu ikipanda pamoja na pengo, una sababu nzuri ya kushuku. Lakini hesabu peke yake haipimi muda, na watu wanachanganya: SMI kumi fupi zinaweza kukuumiza kidogo kuliko moja ndefu. perf nayo, na chaguo lake la smi-cost, inakupa asilimia. Asilimia! Pengo moja la mikrosekunde 300 mu sekunde ni asilimia 0.03. Ukiwapa juri ile namba watacheka, na mota imekwisha kupoteza mapigo yake matatu.

Wengine wanasema: tulete SMI sisi wenyewe, tuipime. Kwenye mashini nyingi za Intel inawezekana: unaandika baiti moja mu porti 0xB2, unasoma TSC mbele na nyuma. Ni zoezi zuri, lifanye, na upime pia kuandika mu porti ingine ya bule kama 0x80, sababu kuandika mu porti kwenyewe kunakula wakati. Lakini ukituma namba yenye BIOS haijui, inaingia, haioni kazi, inatoka. Umepima safari ya mikono mitupu. SMI ya joto ao ya makosa ya memori inabeba mzigo mwingine, na hauiiti kwa mkono. Na usijaribu namba zote moja kwa moja: moja kati yazo inaweza kuwa ile ya kunyang'anya Linux usimamizi wa ACPI, na iko mashini ya mtu.

Kwangu mimi, nilizima msaada wa klavye ya zamani mu BIOS, nikaacha hwlat usiku mzima bila programu ingine, na rejista 0x34 pembeni. Mapengo yakapungua sana, hayakuisha. Yaliyobaki sikuyagusa, sababu kuzima SMI zote ni kuzima pia ile yenye inaweza kuwa inalinda prosesa na joto. Mapigo nikayahamishia kwa mikrokontrola ndogo, kompyuta ikabaki na kazi ya kutoa amri tu. Na ule mchoro wa mapengo niliupeleka kwa juri mara ya pili. Mmoja wao akaniomba faili.